Karibuni, na Mje na Mayai

Kwenu vijana mnaoanza atachi, yaani mafunzo kazini, Jumatatu,

Mtakapokuwa mkipanda ngazi za ofisi yetu, zile zilizo kando ya duka la dawa za mifugo, mimi nitakuwa nimeshastaafu. Nina miaka ishirini na sita. Najua mstaafu anafaa kuwa na mvi, bakora na shamba la kurudia. Mimi nina nywele za kusuka na chumba cha kupanga mtaani Kapsoya hapa Eldoret, ambacho nakiacha mwisho wa mwezi huu kwenda Kisumu kuendelea na masomo. Lakini Madam Jerono, mratibu wetu wa familia, ambaye mtamjua hata kabla hamjaonyeshwa viti vyenu, aliniambia hivi: "Nanjala, kwa hii ofisi mtu akimaliza miaka mitano ni mzee. Waandikie hao watoto maneno ya kuwakaribisha."

Nikamuuliza niandike kurasa ngapi.

"Zinazotosha."

Jibu hilo lilinisumbua siku nzima. Zinazotosha nani? Anayesoma haraka au anayesoma pole pole? Mkishaona swali kama hilo likimharibia mtu chakula cha mchana, mtakuwa mmenifahamu vya kutosha. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo hadi jambo lenyewe linachoka. Ikiwa kuna mmoja wenu wa aina hiyo, na kila kundi huwa na mmoja, basi ajue haya nayaandika nikimtazama yeye.

Nianze na yale mnayojiuliza sasa hivi. Viatu: vaeni vya chini, maana ngazi huwa na maji kila mvua ya mawe ikinyesha, na mwezi wa saba itanyesha. Sweta: njooni nayo hata jua likiwaka asubuhi. Chai ya saa nne: ipo. Maziwa: yapo, ila msiyaguse yale yaliyo kwenye chupa yenye mfuniko mwekundu. Hayo ni ya Madam Jerono na anajua yalifika wapi.

Na majina ya magonjwa. Msijaribu kuyakariri yote.

Mimi nilijaribu. Shirika letu linahudumia familia zenye magonjwa adimu, yaani yale ambayo daktari anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kukutana na mgonjwa hata mmoja. Yana majina marefu kama treni ya mizigo. Wiki ya kwanza nilikuja nimeyabeba yote kichwani, nikawa nasubiri mtu aniulize. Simu ikalia, nikairukia. Mama mmoja alikuwa ameandikiwa na daktari jina la ugonjwa wa mwanawe na alitaka kujua ni nini. Nilimtamkia lile jina bila kukosea hata silabi, nikamweleza linatoka lugha gani, na jinsi kasoro inavyorithiwa. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, dada. Sasa naweza kumwogesha?"

Sikujua. Niliishika ile simu kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Madam Jerono, ambaye aliwahi kuwa muuguzi kabla ya kuja huku, aliichukua mkononi mwangu, na neno lake la kwanza kwa yule mama lilikuwa, "Mtoto anaitwa nani?" Neno la pili, "Na anapenda nini?" Nilisikia yule mama akicheka huko alikokuwa. Mambo ya kuogesha yalikuja baadaye, na yalikuwa rahisi.

Kwa hivyo hiyo ndiyo kazi yenyewe. Uliza jina la mtoto kabla hujasema pole. Watu hawa wamepewa pole nyingi na kila aina ya waganga, majirani na makarani wa hospitali. Wachache sana wamewahi kuwauliza mtoto anapenda nini.

Sasa niwaambie kuhusu Trei.

Zamani, kabla yangu mimi, familia za watoto wenye mifupa dhaifu zilikuwa zikipewa karatasi yenye michoro. Ugonjwa huu ni ule ambao mfupa wa mtoto huvunjika kwa jambo dogo tu: kupiga chafya, kuvutwa mkono, kuinuliwa miguu wakati wa kubadilishwa nepi. Karatasi ilionyesha mikono ya mtu ikimwinua mtoto vizuri. Tatizo ni kwamba watu waliiangalia, wakasema wameelewa, wakaenda nyumbani wakafanya walivyozoea. Mikono haisomi. Madam Jerono akaketi na sindano, akatengeneza mtoto.

Kiwiliwili cha Trei ni pakiti ya unga wa ugali, ile ya kilo mbili. Kichwa ni kabichi ndogo. Mikono na miguu ni soksi ndefu safi, na ndani yake mayai mabichi yamepangwa moja baada ya jingine, ndiyo maana akaitwa jina la trei ya mayai. Kila anayejiunga nasi, awe daktari wa kujitolea au mwanafunzi wa atachi, lazima amwinue Trei kutoka kitandani, ambadilishe nepi, amvishe nguo, kisha ampe mwenzake. Yai likipata ufa, linakaangwa na kuliwa na chai ya saa nne. Likimwagika kabisa, ni la paka wa duka la chini. Harufu ya mayai ya kukaanga ikisikika kwenye ngazi, watu wa jengo zima hujua tumepata wageni. Paka naye hujua.

Mtindo ni huu, ushikeni mapema. Usimshike makwapani. Usimvute mkono, hata kidogo, hata kwa kucheza. Usiinue miguu kwa vifundo. Pitisha kiganja chini ya matako, uinue kutoka hapo. Mkono mmoja chini ya kichwa na mabega, mwingine chini ya matako, vidole vimetanuka kama unabeba uji kwenye sinia, kisha inuka naye mwili wote kwa pamoja. Pole pole. Huna haraka, hata kama una haraka.

Siku yangu ya kwanza tulikula mayai hadi saa sita. Lakini nilijifunza, na kwa sababu mimi ni mtu wa kurudia kitu mara nyingi kuliko inavyohitajika, nikawa bingwa. Mwaka wa pili ni mimi nilikuwa nikiwafundisha wazazi. "Mwalimu Nanjala," waliniita. Nilimbadilisha Trei nikiwa naongea na simu.

Kile ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba sikuwahi kumbeba mtoto wa kweli. Trei, ndiyo. Wa nyama na machozi, hata mmoja. Kila mama aliponinyooshea wake, nilikuwa na mafua. Nilikuwa na mafua miaka miwili. Mama mmoja alinionea huruma hadi akaniletea tangawizi.

Basi katika hali hiyo ndipo Mercy alipoingia.

Mercy ni mkulima wa viazi kutoka upande wa Timboroa, kule juu ambako baridi haina likizo. Alikuja na mwanawe Kibet amemlaza juu ya mto wa kitanda, amefunikwa kwa shuka. Madam Jerono akauliza Kibet anapenda nini. Mercy akasema anapenda kuangalia majani ya mti yakipepea, na anapenda sauti ya nyanyake.

"Nyanya yake anamwimbia?" nikauliza.

"Anaongea naye. Lakini akiwa mlangoni."

"Mlangoni kwa nini?"

Akatueleza. Mama mkwe wake, ambaye sote baadaye tulimwita Gogo kama wajukuu wake wanavyomwita, ni fundi wa kufuma. Katika baridi ile, mwanamke anayefuma sweta vizuri anajulikana kuliko chifu. Kibet alipozaliwa, Gogo alimfumia sweta ya rangi ya machungwa, na siku ya kuja kumwona akasema atamvisha mwenyewe. Alipouvuta mkono wa mtoto upite kwenye mkono wa sweta, mfupa ukavunjika. Aliusikia. Hospitalini picha zilionyesha kwamba mifupa mingine ilikuwa imeshavunjika na kupona pasipo mtu kujua, na hivyo ndivyo ugonjwa ulivyogunduliwa. Kibet akawekwa kwenye dripu ya kuimarisha mifupa, mkono ukapona. Gogo hakumgusa tena.

"Akija kwetu anasimama mlangoni," Mercy alisema. "Anamwambia habari za kuku, za mvua, za kila kitu. Kibet anacheka. Nikisema, Mama ingia umshike, anasema ameacha sufuria motoni. Sufuria gani? Nyumbani kwake ni ng'ambo ya shamba, na moshi hautoki."

Kilichomleta Mercy ofisini hasa kilikuwa kanisa. Kibet alikuwa anakaribia kubarikiwa. Kanisani kwao, nyanya wa upande wa baba ndiye humbeba mtoto kutoka kitini hadi mbele na kumkabidhi Pasta. Si sheria iliyoandikwa popote, lakini jaribu kuivunja uone.

"Asipombeba, watu watasema amemkataa mtoto. Ama watasema mimi ndio nilimkataza. Na kanisa lote linajua habari ya ile sweta." Mercy aliufuta mdomo wa Kibet kwa ncha ya shuka. "Mimi sitaki nyanya mwingine. Namtaka yeye. Lakini sijui kama atakubali. Na akikubali, naogopa pia."

"Na huyo Pasta wenu anawashikaje watoto?" Madam Jerono akauliza.

Mercy akamtazama Kibet. "Huwa anawainua juu. Kama kombe."

Juma lile tulipanda Timboroa, Madam Jerono na mimi, na Trei amefungwa kwenye blanketi katikati yetu. Njiani nilikuwa nimeshatunga mambo yote yanayoweza kwenda vibaya, nikayapanga kuanzia madogo. Madam alikuwa amelala.

Gogo alitupokea vizuri. "Chamgei, karibuni, baridi imewafanya nini?" Akatupa viti karibu na jiko, akatupa chai. Yeye akaketi mbali, mikono imebanwa chini ya leso kama vitu alivyoazima. Mercy alikuwa amekuja na Kibet kwenye mto wake. Gogo akamsalimia mjukuu kutoka ng'ambo ya chumba: "Kibet! Yule jogoo wako amepigana tena na wa jirani. Ameshindwa. Ni mwoga kama baba yako." Kibet akacheka kwa mwili mzima, kicheko cha mtu anayemjua msimuliaji.

Madam Jerono hakusema lolote kuhusu mtoto. Alifungua blanketi akamlaza Trei mezani.

Gogo alimtazama kwa muda. "Huyu ni nani?"

"Anaitwa Trei."

"Ana kichwa cha kabichi."

"Ndiyo, Mama."

"Na nyinyi ndio mmekuja kunifundisha kulea watoto." Alicheka hadi leso ikamtoka mabegani, na ndipo nikaiona mikono yake kwa mara ya kwanza. Mikubwa, mizuri, ya mtu aliyevuna viazi na kufuma sweta za kijiji kizima.

Alikuja mezani kwa sababu ya udadisi, nafikiri. Nikamwonyesha. Kiganja hapa, kiganja hapa, tanua vidole. Akamwinua Trei vizuri sana. Akatembea naye mpaka dirishani, akarudi. Nikaanza kufurahi. Kisha, alipokuwa akimlaza, kiwiko cha mkono wake kikaubana mguu wa Trei kwenye ukingo wa meza.

Ka.

Mnajua sauti ya yai likipata ufa ilivyo ndogo. Chumba kizima kiliisikia. Gogo alisimama vile vile, ameinama, mikono ingali chini ya pakiti ya unga, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu aliye mahali pengine, siku nyingine. Mercy akafunga macho. Mimi nilifungua mdomo niombe msamaha kwa niaba ya kila mtu, tukunje blanketi, turudi Eldoret na nisije nikapanda mlima huo tena.

"Usiondoe mikono," Madam Jerono akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Mlaze tu, pole pole. Hapo. Sasa umesikia mfupa. Unafanya nini?"

Gogo akaanza kuupapasa mguu wa Trei.

"Humvuti kuona ni wapi. Humkandi. Unaacha mguu ulale vile unataka kulala. Mercy, leta boksi lile la majani chai." Akapasua kipande cha boksi, akakipitisha chini ya soksi, akamwonyesha Gogo jinsi ya kukizungushia kitambaa bila kukaza. "Halafu unapiga simu, unaenda hospitali. Njiani unamwambia habari za jogoo. Umemaliza."

"Kwa hivyo mnajua itavunjika," Gogo akasema.

"Mama, itavunjika. Kwa mikono ya Mercy, kwa mikono ya daktari, kwa mikono yangu. Mara nyingine hata bila mikono ya mtu. Mimi muuguzi, nimewahi kusikia hiyo sauti kwa mtoto wa kweli, na nilikuwa nimemshika sawasawa."

Gogo aliketi. Akauliza kile alichokuwa amekibeba miezi yote ile, na alikiuliza akiitazama kabichi. "Yule wangu. Nilimvunja?"

"Ulipomshika, mfupa ulikuwa tayari kama yai hilo. Ulikuwa unamvisha sweta, Mama. Kuna baridi huku."

Kisha Gogo akainuka, akatoa yai lenye ufa kwenye soksi, akaligonga kwenye sufuria na kulikaanga kwa kitunguu. Akatugawia sote, kila mtu kipande cha ukubwa wa kidole gumba. "Mguu wa kushoto," akasema. "Ni mtamu." Tulicheka vibaya sana.

Tulipoinuka kuondoka alisema, "Huyo mwacheni hapa." Tulidhani anamaanisha Kibet. Alimaanisha Trei.

Majuma yaliyofuata simu yangu ya ofisi ilikuwa ikipokea taarifa za majeruhi kutoka kwa Gogo. "Leo mkono mmoja, chini." "Leo hakuna, nimembadilisha nepi mara nne." "Kuku wamegoma, nimeazima mayai kwa jirani." Kabichi ilipoanza kunyauka aliibadilisha na ya shambani kwake, kubwa zaidi, akasema wajukuu wake wana vichwa vikubwa. Kumvisha nguo ndiko kulikomshinda. Kila alipofika kwenye mkono wa sweta, mayai yalipata ufa. Nikamweleza kwa simu njia zote ninazozijua, na mnajua nazijua nyingi. Siku moja akanikatiza: "We msichana, shida si mikono. Shida ni sweta." Akaifumua ile ya rangi ya machungwa yote, akaifuma upya na vifungo kuanzia shingoni, begani, mpaka kwenye kifundo cha mkono, pande zote mbili. Unaitandika kama kitabu kilichofunguliwa, unamlaza mtoto juu yake, unafunga. Hakuna mkono unaovutwa.

Bado alikuwa akiongea na Kibet akiwa mlangoni. Mercy aliniambia hivyo kila mara, na kila mara niliuliza kama amesogea hata hatua. "Ameingiza mguu mmoja," alisema siku moja.

Pasta alipitia kwa Gogo kunywa chai na kuuliza kama kuna nyanya mwingine atakayembeba mtoto, maana alisikia kuna wasiwasi. Gogo akasema wasiwasi upo, ni kuhusu yeye Pasta. Akampa Trei. Pasta ni mtu mkubwa mwenye moyo mkubwa. Alimshika Trei makwapani na kumwinua juu jinsi alivyozoea. Kabichi ikachomoka, ikaanguka, ikabingirika mpaka mlangoni ambako mbuzi alikuwa anasubiri.

"Pasta," Gogo akamwambia, "umeua."

Ikafika Jumapili ya kubarikiwa. Madam Jerono na mimi tulialikwa, tukaketi nyuma ya familia. Nilikuwa nimeshaona hatari zote: sakafu ilikuwa imepigwa deki na bado haijakauka, kulikuwa na waya wa maiki umepita katikati, watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanakimbia. Nilijiona nikiruka viti kuzuia ajali ambayo haijatokea. Madam aliniwekea mkono kwenye goti ili nitulie.

Jina la Kibet likatajwa. Mercy alikuwa amemlaza kwenye mto, juu ya sweta ya machungwa iliyofunguliwa. Gogo alisimama. Hakumchukua mara moja. Aliinama akafunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia kwenye kifundo hadi shingoni, upande mmoja, kisha mwingine, na kanisa zima likingoja. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona kwamba kila kifungo alikijaribu mara mbili, na kwamba hakuirudisha mikono chini ya leso. Akasema kwa sauti ndogo, kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili, sijui akimwambia Kibet au yule Trei wa mazoezini: "Kiganja hapa. Kiganja hapa." Akatanua vidole. Akainuka naye.

Kibet alimtazama. Sauti aliyoizoea kutoka mlangoni sasa ilikuwa na uso, tena karibu hivyo. Akafungua mdomo kwa mshangao.

Gogo alitembea pole pole kuliko mtu yeyote aliyewahi kutembea kanisani humo. Kwaya ilimaliza wimbo, ikatazamana, ikaanza tena. Wakarudia kiitikio, wakakirudia. Mpiga kinanda akaanza kucheka. Gogo aliinua mguu juu ya waya wa maiki kama mtu anayevuka mto. Alipofika mbele, Pasta alinyoosha mikono yake miwili. Gogo akaitazama ile mikono.

"Kumbuka kabichi," akamwambia, na maiki ikalipeleka neno hilo kanisa zima.

Pasta akaishusha mikono. Akapiga magoti hapo kwenye sakafu yenye maji, ili kichwa chake kiwe chini ya mtoto, akamwombea Kibet akiwa mikononi mwa nyanyake. Sijui alichoomba. Nilikuwa natafuta kitambaa cha machozi kwenye mkoba wa Madam Jerono, naye alikuwa anakitafuta kwenye wangu.

Baada ya ibada, kama kawaida, kina mama walikuja wote mara moja kutaka kumshika mtoto. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi kuliko siku nzima. Lakini Gogo alikuwa amejiandaa. Nje, chini ya paa la kanisa, kulikuwa na meza, na mezani alikuwa Trei mwenye kabichi mpya. "Pangeni laini," Gogo akasema. "Anayetaka kumbeba Kibet aanze na huyu. Yai likivunjika, rudi nyuma."

Mngeona. Wanawake waliolea ukoo mzima wakirudishwa nyuma ya laini. "Woi, mimi nimezaa wanane!" "Hao wanane hawakuwa wa yai. Rudi." Mzee mmoja wa kanisa alifaulu mara ya kwanza, akajisifu hadi akachosha watu. Kila aliyefaulu alipewa Kibet kwa muda mfupi, Gogo akisimama kando kama refa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mtoto yule alipita mikononi mwa watu kama watoto wengine wa kijiji wanavyopita, na alionekana kulipenda jambo hilo kuliko hata majani ya mti.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo.

"Na wewe, Mwalimu?" Gogo akasema.

"Mimi ni wa ofisi, Gogo."

"Ofisi haina mikono?"

"Nina mafua."

"Mercy amesema una mafua tangu siku alipokuja ofisini kwenu." Akaja mpaka kwenye nguzo, na Kibet ndani ya sweta ya machungwa. "Unafikiria nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nafikiria nitausikia mfupa.

"Hata mimi," akasema. "Shika."

Nilishika. Kiganja hapa, kiganja hapa. Niwaambie yale ambayo Trei hatawafundisha. Mtoto wa kweli hatulii kama pakiti ya unga. Ana joto. Anasogea wakati hukutarajia, na anakushika kabla hujamaliza kumshika. Kibet aliudaka msuko wangu mmoja akautia mdomoni. Niliwaza mambo mengi sana kwa wakati mmoja hata yakakosa nafasi, na nikajikuta namwambia kuhusu jogoo, ambaye sijawahi hata kumwona.

Sijasema hofu yangu iliisha. Ninaandika barua hii mara ya nne. Lakini mafua yalipona siku hiyo na hayajarudi.

Basi karibuni. Mafunzo ya Trei Jumatatu hayatafanywa na mimi, wala Madam Jerono. Atashuka Gogo kutoka Timboroa, na Kibet atakuwa naye, anatembea kwa kiti cha magurudumu sasa na ana maswali mengi kuliko mimi. Gogo amesema kila mtu aje na mayai yake, kwa sababu kuku wake wamechoka na nyinyi wasomi. Mkisikia ule mlio, msiondoe mikono.

Kikaango kiko chini ya sinki. Chumvi iko kwenye droo yangu ya juu, na hiyo droo sasa ni yenu.